Ufunguo wa Saba

Niliyezihesabu kura ni mimi, Ottilie,
mweka hazina, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi.
Arobaini na moja: aondoke.
Thelathini na nane: abaki.
Moja tupu.
Hiyo tupu ilikuwa yangu.

Jumatatu Delmar Friesen akaja kurudisha funguo,
zimetungwa kwenye kamba ya kiatu cha mtoto:
mlango mkubwa, ofisi, kabati la meza ya Bwana,
chumba cha tanuri, piano, sanduku la barua.
"Wa saba ni wa nyumba," akasema. "Nitauleta tarehe thelathini."
Nikaandika: sita. Nikatia sahihi.
Nikampa risiti.
Mungu anisamehe, nilimpa risiti.

Januari ya Saskachewani haina mzaha.
Theluji hulia chini ya buti kama mtu anayetafuna sukari,
na pumzi huganda kwenye skafu kabla hujamaliza kusalimia.
Huku kwetu mtu akifiwa, sufuria za supu hutangulia jeneza.
Lakini huyu hakufa, wala hakufiwa.
Hakuna aliyejua ni supu gani hupelekewa
mtu uliyempigia kura.

Husemwa, aliye juu mngoje chini.
Tulimngoja kweli.
Aliposhuka, tukatazama pembeni.

Dukani nilimwona Janelle, mkewe, kwenye viazi.
Wanawake watatu wa kwaya waligundua ghafla
kwamba wanahitaji sabuni.
Akawa kama deni la ukoo:
kila mtu analijua, hakuna alitajaye.
Nami? Mimi nilikuwa wa nne. Nilinunua sabuni.

Ni binti yao aliyenikamata, mlangoni mwa posta,
Tessa, miaka kumi na mmoja, glavu moja imepotea:
"Bi Ottilie, sisi sasa ni wa kanisa gani?"

Miaka ishirini na sita nimefunga hesabu bila senti kupotea.
Hiyo ilinishinda.

Alhamisi, kikao. Ajenda: paa.
Nikafungua daftari, nikasema, pesa za paa zipo.
Mshahara wake uendelee hadi shule zifungwe.
Nyumba wakae hadi shule zifungwe.
Na iandikwe barua, ya kweli,
kwamba hakuiba, hakuzini, hakumpiga mtu,
tulishindwa tu kuelewana naye,
ili kanisa jingine lisimsome kwa jicho la pembeni.
"Paa linavuja," akasema Harland Wiebe,
aliyeanzisha yote.
"Livuje."
Saa ya ukutani ilisema kwa muda mrefu.
Mwisho Harland akavua kofia, akaisugua ukingo.
"Barua nitaandika mimi," akasema.
Familia mbili zilihama kanisa kwa sababu ya usiku ule.
Sikuzihesabu upande wowote.

Nikaenda kwao bila supu.
Delmar alikuwa anaosha vyombo
kati ya maboksi ya vitabu ambavyo havikuwa na pa kwenda.
Nikamwita Delmar.
Miaka tisa nilimwita Mchungaji,
na jina lake lilinikwaruza kooni kama mkate mkavu.
"Sisi wote ulituombea," nikasema. "Wewe huombewa na nani?"
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
Kikombe kilekile alikiosha mara nne, mara tano.
Sikuwa na aya. Nilichukua kitambaa,
nikakaa pale nikikausha
kila alichonipa, na alichonipa tena.

Walihama Julai, kwenda Manitoba.
Nasikia anaendesha basi la shule,
na kwamba Tessa haimbi tena, au bado haimbi.
Sijui kama alitusamehe. Sikuuliza;
hilo nalo lingekuwa kama kudai chenji.

Ufunguo wa saba ulifika kwa posta,
umefungwa kwenye karatasi isiyo na neno.
Nilishika kitabu cha risiti.
Nikakirudisha mtoni mwa meza, nikafunga.

Paa bado linavuja,
hasa upande ninaokaa mimi.